Bia ya Nyumbani: Toka Chupa Hata Pipa la Chuma

Mtu ajipikiaye bia nyumbani mwake ana kazi mbili: kuipika, na kuiweka. Kazi ya kwanza watu huisifu na kuizungumza, tena kila mmoja hudhani kwamba yeye aijua kuliko jirani yake. Kazi ya pili hakuna anayeisifu, lakini ndiyo iliyowatesa watu zaidi. Maana bia si kama maji, ambayo ukiyatia chomboni leo, kesho wayakuta vile vile. Bia bado ina kitu kilicho hai ndani yake. Ukiifunga upesi, yapasua chombo. Ukiiacha wazi, yageuka siki. Basi tumeona yafaa kueleza habari za watu wa Uingereza na Marekani wanaojipikia bia, jinsi walivyokuwa wakiitia katika chupa, na jinsi wengi wao walivyoziacha chupa wakashika pipa la chuma. Ni habari ya jikoni, lakini ndani yake mna habari za kodi, za sheria, za vioo na za wataalamu wa gesi.

Kwetu Kongo shida hii twaijua, ila mama zetu waliikata kwa njia nyingine: hawakuifunga pombe hata kidogo. Kasiksi ya Kivu, ile ya ndizi, hutiwa katika mtungi au kibuyu, watu wakaizunguka, wakainywa kwa mirija, ikaisha. Munkoyo wa Katanga nao ni vile vile: wapikwa, wanywewa, haungoji juma lijalo. Pombe ikiwa changa ni tamu, siku ya pili ni kali, na baada ya siku chache wengi waikataa. Ndiyo sababu pombe ya kwetu ni pombe ya mkutano: siku ya arusi, siku ya kulima shamba la jirani, siku ya kumaliza matanga. Siku hizi watu huitia katika mabidoni ya plastiki ili kuipeleka sokoni, na kila mchukuzi ajua kwamba kizibo hakikazwi sana, la sivyo bidoni lavimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Bidoni hilo lililovimba ndilo fumbo zima la habari yetu.

Yafaa tulifumbue. Ndani ya pombe kila namna, iwe ya ndizi, ya mahindi, ya mtama au ya shayiri, mna chachu. Chachu ni vitu hai vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alivichungua kwa darubini, akatoa kitabu kizima juu ya bia mwaka 1876. Chachu hula sukari, ikatoa vitu viwili: kileo, na gesi ya kaboni, ile ile ambayo sisi wenyewe twaitoa tukipumua. Gramu 1 ya sukari yageuka karibu nusu gramu ya kileo na karibu nusu gramu ya gesi. Nusu gramu yaonekana si kitu, lakini gesi hiyo ikiwa huru yajaza nafasi ya robo lita. Mtungi ukiwa wazi, gesi yaondoka zake, na pombe yabaki imelala. Mtungi ukifungwa, gesi haina njia. Yaingia katika pombe yenyewe na kungoja humo. Siku utakapofungua yatoka kwa haraka, ndilo povu, ndio ule mchomo wa ulimi ambao wanywaji huupenda. Kwa hiyo kila anayeweka bia ataka gesi ikae ndani, lakini isizidi kipimo. Na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na kipimo.

Zamani huko Ulaya bia ya nyumbani haikujua chupa. Ilikaa katika mapipa ya mti. Uingereza mwanamke wa nyumba alipika bia kama alivyooka mkate, maana vyote viwili vyatoka katika nafaka na chachu, na iliyozidi aliwauzia majirani. Watawa nao walipika kwa wingi: ramani ya monasteri iliyohifadhiwa Sankt Gallen katika Uswisi, iliyochorwa karibu na mwaka 820, yaonyesha nyumba za kupikia bia zaidi ya moja. Pipa la mti ni chombo chema. Lavingirika, lastahimili safari, na likiharibika fundi wake alitengeneza. Lakini lina ubaya mmoja. Ukitoa bia kwa bomba chini, yapasa hewa iingie juu ishike nafasi yake, la sivyo bia haitoki. Hewa hiyo yaleta ukungu na vijidudu vya siki. Toka siku pipa lilipofunguliwa, bia ina siku chache tu za kuishi. Kwa nyumba kubwa yenye vibarua ishirini si neno, kwani pipa laisha kabla halijaharibika. Kwa mtu na mke wake ni hasara. Msomaji aliweke neno hili la hewa, maana tutalirudia.

Chupa ilikuja kuwa jawabu la shida hiyo: unafungua kiasi unachokunywa, na nyingine zinangoja. Waingereza husimulia kwamba bia ya chupa ilivumbuliwa kwa usahaulifu wa Alexander Nowell, aliyekuwa baadaye mkuu wa kanisa la Mtakatifu Paulo mjini London. Mtu huyu alipenda sana kuvua samaki. Zamani za Malkia Mary, aliyetawala toka 1553 mpaka 1558, alisahau chupa ya bia katika majani kando ya mto. Siku kadhaa baadaye akaikuta, akaifungua, ikalia kama bunduki. Aliyeandika hayo ni Thomas Fuller, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1662, yaani miaka mia na zaidi baada ya jambo lenyewe. Sisi hatuamini sana kwamba Nowell ndiye wa kwanza. Mtu yeyote aliyepata kuziba pombe changa angeweza kudai sifa hiyo. Ila hadithi yatuonyesha jambo moja la kweli: toka mwanzo watu waliijua chupa ya bia kuwa kitu cha kulipuka.

Tena chupa za nyakati zile zilikuwa dhaifu. Kioo kiliyeyushwa kwa moto wa kuni. Mwaka 1615 Mfalme James wa Kwanza aliwakataza watengeneza vioo kuchoma kuni, maana aliitaka miti kwa kujengea merikebu. Ikawalazimu kutumia makaa ya mawe. Kumbe makaa yale yalitoa moto mkali zaidi, na kioo kilichotoka kilikuwa kinene, cheusi-cheusi, chenye nguvu. Sifa ya kutengeneza chupa ya namna hiyo, katika miaka ya 1630, hupewa Sir Kenelm Digby, Mkatoliki, aliyekuwa baharia, mtaalamu, tena mtu wa jiko. Alikufa mwaka 1665, na mwaka 1669 likatolewa kusanyo la mapishi yake, ambalo kurasa nyingi zake zahusu pombe ya asali. Bia nayo imo. Amri ya kuokoa miti ikawa imeokoa bia pia, jambo ambalo mfalme hakulifikiri.

Yabaki kizibo. Muda mrefu walitumia kizibo cha gome kilichofungwa kwa uzi au waya. Mwaka 1892 William Painter wa Baltimore, Marekani, alipata hati ya kile kifuniko kidogo cha bati chenye meno, ambacho leo kina meno 21 na ambacho hakuna mtoto wa Kongo asiyepata kukichezea. Kifuniko hicho hubanwa kwa mashine. Viwanda vilikuwa na mashine kubwa, lakini punde zikapatikana ndogo za mkono, za kuweka juu ya meza. Hapo ndipo mtu wa nyumbani naye alipoweza kufunga chupa kama kiwanda.

Sasa tueleze kazi yenyewe, maana asiyeifanya hawezi kujua kwa nini watu waliichoka. Mpikaji wa nyumbani huko Ulaya au Marekani hupika kwa kawaida lita 19 au 23 kwa mara moja. Chachu ikiisha kula sukari yote, baada ya juma moja au mawili, bia imetulia lakini haina gesi. Ndipo hutia sukari kidogo tena, kama gramu 6 kwa kila lita, akaichanganya, akajaza chupa, akazifunga. Chachu iliyobaki huamka, hula sukari ile ya nyongeza, na gesi yake haina mahali pa kwenda. Baada ya majuma mawili katika chumba chenye joto la kadiri, bia iko tayari.

Yasikika kuwa rahisi. Lakini lita 19 ni chupa 57 za sentilita 33, au 26 za zile kubwa za sentilita 72 tunazozijua kwetu. Kila moja yaoshwa ndani kwa burashi, yatiwa dawa ya kuua vijidudu, yasuuzwa, yajazwa, yafungwa, yapangwa. Chupa moja iliyobaki na uchafu kitakoni yatosha kuharibika peke yake bila nyingine kujua. Ni kazi ya jioni nzima, na mke wa mpikaji hapati nafasi jikoni. Hayo ni taabu tu. Hatari ni nyingine. Mpikaji akiwa na haraka, akafunga chupa kabla chachu haijamaliza sukari ya kwanza, sukari mbili zaliwa ndani ya kioo kilichofungwa. Akitia sukari bila kuichanganya vema, chupa moja yapata kidogo na nyingine nyingi. Kwa nje zote zafanana. Mtu haoni neno mpaka usiku mmoja asikie mlio ghalani, kisha wa pili, kisha wa tatu, kwa sababu kipande cha chupa ya kwanza kimeipiga jirani yake. Vipande vya kioo huruka kwa nguvu ya kuingia katika ubao. Ndiyo maana vitabu vya upishi wa bia huziita chupa hizo mabomu, tena humwonya mtu azifunike kwa blanketi zito na kuvaa miwani kabla ya kuzigusa.

Wamarekani waliyajua hayo zaidi wakati wa ile sheria ya kukataza vileo, toka 1920 mpaka 1933. Viwanda vya bia vikafungwa au vikageuka kuuza vitu vingine, na baadhi yao waliuza maji mazito ya kimea katika makopo, wakisema ni ya kupikia mikate. Mikate mingi haikuonekana. Watu walipika bia katika sehemu za chini za nyumba, kwa chachu ya mkate, bila kipimo, wakaifunga katika chupa za kila namna kwa mashine ya mkono. Chupa zilizopasuka chini ya nyumba ni kumbukumbu ya jamaa nyingi za nyakati hizo. Sheria ilipofutwa mwaka 1933, serikali iliruhusu divai ya nyumbani lakini bia ya nyumbani haikutajwa, ikabaki kosa kwa miaka 45. Uingereza ilikuwa namna nyingine: haikukatazwa, ila toka 1880 mpikaji wa nyumbani alipaswa kuwa na kibali cha serikali, mpaka waziri wa fedha Reginald Maudling alipokiondoa mwaka 1963. Marekani ilifuata tarehe 14 Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria ya kuwaruhusu, nayo ikaanza kufanya kazi mwezi wa Februari 1979. Yaruhusu nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi kupika galoni 200 kwa mwaka, karibu lita 757, bila kodi, mradi wasiuze. Majimbo mengine yalikawia. Alabama na Mississippi hayakuruhusu mpaka 2013.

Hapo wapikaji wakajitokeza mchana. Katika Uingereza watu walijifunza kwa kitabu cha Dave Line cha mwaka 1974. Katika Marekani Charlie Papazian, mwalimu wa watoto katika mji wa Boulder, alisaidia kuanzisha chama cha wapikaji wa nyumbani mwaka 1978, akatoa kitabu chake mwaka 1984. Watu wakaongezeka, na chupa zikaongezeka. Na kadiri mtu alivyopika mara nyingi, ndivyo alivyozichukia chupa zake.

Dawa ya shida yao ilikuwa imejulikana zamani, ila hakuna aliyeileta jikoni. Mwaka 1767 Joseph Priestley, mchungaji wa Kiprotestanti mjini Leeds, alikaa karibu na kiwanda cha bia. Aliona kwamba juu ya mapipa yanayochachuka imelala gesi nzito inayozima mshumaa. Akajaribu kuiingiza katika maji, yakawa na mchomo mzuri, akaandika habari zake mwaka 1772. Soda zote za duniani zatoka hapo. Kisha mwaka 1803 William Henry wa Manchester alionyesha kanuni: kadiri gesi inavyosukumwa juu ya maji, ndivyo inavyoingia ndani yake kwa kipimo kile kile. Ukiongeza msukumo mara mbili, gesi inayoingia nayo yaongezeka mara mbili. Tena maji ya baridi hupokea gesi nyingi kuliko ya moto. Kwa mambo hayo mawili, msukumo na baridi, mtu aweza kuamuru gesi iingie kiasi gani katika bia, bila kuomba msaada wa chachu na sukari. Tofauti ya chupa na pipa la chuma ni hiyo. Katika chupa gesi yatengenezwa gizani na kitu hai, na mwenyewe hungoja kuona. Katika pipa mtu huifungulia kwa ufunguo na kuisoma kwa saa ya kupimia.

Wauza soda ndio walioleta chombo. Katika Marekani maduka ya vinywaji hayakuletewa soda iliyo tayari, bali maji mazito matamu, ambayo yalichanganywa na maji na gesi pale pale mbele ya mnunuzi. Maji hayo matamu yaliletwa katika mapipa membamba ya chuma kisichoshika kutu, ya galoni 5, karibu lita 19. Kampuni ya Cornelius ya Minnesota iliyatengeneza kwa wingi, hata jina lake likawa jina la pipa. Katika miaka ya 1980 na 1990 wauza soda waliyaacha, wakashika mfuko wa plastiki ndani ya kasha la karatasi ngumu, kwa kuwa ni mwepesi na haurudishwi kuoshwa. Mapipa ya chuma yakarundikana maghalani bila kazi. Wapikaji wa nyumbani wakayaona. Yalikuwa bei ndogo, yalistahimili msukumo wa karibu bari 9, na lita zake zilikuwa sawasawa na pishi lao moja. Mtu angedhani yaliundwa kwa ajili yao.

Tunapenda kulieleza pipa hilo, maana limetengenezwa kwa akili. Juu lina mdomo mpana wa umbo la yai, na mkono wa mtu waingia wote kuosha ndani. Kifuniko nacho ni umbo la yai, kikubwa kidogo kuliko mdomo wenyewe. Wakitia kwa kukigeuza upande, kisha wakivuta kukaa chini ya mdomo kutoka ndani, na mpira wake wazuia. Basi gesi ikisukuma, yakikaza kifuniko badala ya kukirusha. Kadiri gesi ilivyo na nguvu, ndivyo kinavyoshika. Kando ya mdomo mna njia mbili. Moja ni ya gesi kuingia, ina mrija mfupi. Nyingine ni ya bia kutoka, ina mrija mrefu unaofika chini kabisa. Wauza Pepsi walikuwa na namna yao ya kiungio na wauza Coca-Cola yao, na mpaka leo wapikaji huuliza kwanza pipa ni la ukoo gani kabla ya kununua viungio.

Mpikaji huliosha pipa moja badala ya chupa 57. Huijaza bia, hulifunga, huingiza gesi kutoka katika mtungi kisha huifungua itoke, mara kadhaa, mpaka hewa yote iliyobaki juu ya bia imefukuzwa. Huliweka katika friji. Kwa baridi ya digrii 4, msukumo wa bari 0.8 hivi watosha kuipa bia mchomo wa kawaida, kama gramu 5 za gesi kwa lita. Akiacha gesi imefunguliwa kwa msukumo huo, baada ya juma moja au siku 10 bia imepokea inayoweza kupokea, wala haipokei zaidi hata ikikaa miezi. Ikiwa imezidi, apunguza na kufungulia gesi itoke. Kosa la chupa halisahihishwi. La pipa lasahihishwa. Bia ikitoka, nafasi yake yashikwa na gesi ile ile, wala si hewa. Ile shida ya pipa la mti, tuliyomwomba msomaji aiweke, imekwisha hapo: pipa lililofunguliwa leo laweza kunywewa kidogo kidogo kwa miezi, bila siki.

Lakini pipa lina gharama zake. Yatakiwa mtungi wa gesi, saa ya kupimia na kupunguza msukumo, mipira, bomba, na friji yenye nafasi. Mahali ambapo umeme waja na kuondoka, pipa ni mzigo tu, kwani bia ikipata joto gesi yataka kutoka, na bomba latoa povu tupu. Mpira wa kutolea usipokuwa mrefu wa kutosha, kama meta 2 au 3 kwa ule mwembamba, bia yaruka kwa nguvu, nusu bilauri ikawa povu. Tena hatari haikuondoka yote, imehama. Ndani ya mtungi gesi ina msukumo wa karibu bari 57 kwa joto la digrii 20. Mtu akiiunganisha na pipa bila chombo cha kupunguza, afanya bomu kubwa kuliko chupa zote. Na mtungi ukivuja katika chumba kidogo kilichofungwa, gesi hiyo nzito yajaa toka chini, haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu, nayo huua. Wapikaji wazuri hupaka maji ya sabuni kwenye viungio ili waone mapovu ya kuvuja, nao hawaweki mtungi katika chumba cha kulala.

Kuna na ugomvi ambao hatuwezi kuupita. Kule Uingereza neno lenyewe la pipa la chuma lilikuwa limeharibika jina. Viwanda vikubwa, kama Watney wa London aliyeanza majaribio katika miaka ya 1930, vilitia katika mapipa ya chuma bia iliyochujwa, ikapashwa moto kuua chachu, ikapozwa sana na kujazwa gesi. Ilidumu na ilisafiri, lakini wanywaji wengi waliiona haina ladha. Mwaka 1971 watu wanne waliokuwa safarini Ireland wakaanzisha chama cha kutetea bia ya zamani, kiitwacho CAMRA. Basi mpikaji wa nyumbani aliyenunua pipa la chuma aliulizwa na wenzake kwa nini aiga wale. Kwa maoni yetu swali hilo halikuwa na haki. Viwanda viliua chachu kwa moto. Mpikaji wa nyumbani kwa kawaida haichuji bia yake wala haichemshi. Ladha iliharibiwa na moto na mchujo, wala pipa halikuwa na hatia.

Jambo ambalo pipa liliondoa kweli ni zawadi. Chupa yatembea. Mpikaji alimchukulia rafiki chupa mbili, alimpelekea mgonjwa moja, aliweka sita za kunywa siku mtoto atakapobatizwa. Pipa halitembei, wageni ndio huja kwake. Kwa upande huo mpikaji wa Marekani mwenye pipa katika friji amerudi karibu na mtungi wa kasiksi kuliko anavyojua, ila mtungi waisha jioni ile ile na watu wakaenda zao, na pipa lingali limejaa kesho asubuhi, baridi, tayari, bila kizibo cha kuhesabu. Aliyekunywa chupa nne aziona nne mezani. Aliyekunywa katika bomba haoni kitu. Wapikaji wengine hutundika pipa juu ya mizani, nasi twaona ni desturi njema, ingawa wao husema waifanya ili wasiishiwe wakati wa wageni.

Kwa ajili ya zawadi wamepata njia ya kati. Hutia bia gesi katika pipa, kisha hujaza chupa chache kwa mrija mrefu unaofika kitakoni, wakiisha kufukuza hewa kwa gesi, na kuzifunga papo hapo juu ya povu. Chupa hizo hazina sukari ya nyongeza wala masimbi mengi chini, na kama bia ilikuwa imemaliza kuchachuka hazipasuki. Ila huisha ubora upesi kuliko zile za chachu, maana hewa kidogo iliyoponyoka haina wa kuila, na katika chupa ya zamani chachu ndiyo iliyokuwa ikiila.

Ndiyo sababu chupa haijafa hata kwa wale walio na uwezo wote wa mapipa. Katika Ubelgiji monasteri ya Westmalle, ile iliyotuma watawa wake Kongo mwishoni mwa karne ya 19 wakajenga Bamania, karibu na Mbandaka ya leo, yapika bia toka 1836, mwanzo kwa meza ya watawa wenyewe. Bia yake nyeusi, Dubbel, hupatikana katika chupa na katika pipa pia. Ile ya rangi ya dhahabu, Tripel, iliyotolewa mwaka 1934, wameikatalia pipa. Hutiwa katika chupa tu pamoja na sukari kidogo na chachu mbichi, ikawekwa majuma katika ghala lenye joto mpaka chachu imalize kazi yake, ndipo malori yaruhusiwa kuichukua.